Joto Linalopotea Ni Mali ya Nani?



Tukisema taka, wengi wetu hufikiria maganda ya ndizi, karatasi za nailoni na chupa zilizovunjika. Lakini kuna taka nyingine ambayo hakuna anayeifagia. Haionekani kwa macho, nayo inatugharimu pesa nyingi kila mwezi. Taka hiyo ni joto. Hutoka kwa bomba la moshi, kwa injini ya kusaga mahindi, kwa maji ya moto yanayomwagwa mtaroni, na kwa jiko la mawe matatu nyuma ya nyumba. Tunanunua kuni, makaa na dizeli, halafu sehemu kubwa ya kile tulichonunua tunaiacha iende na upepo.

Katika makala hii tunataka kueleza kwa nini joto hupotea. Tutaeleza vile mji mmoja mdogo huko Ulaya ulivyojifunza kulikusanya, na yale ambayo yamefanyika hapa kwetu Kenya kwa viwanda vya sukari na mvuke wa ardhini. Mwisho tutaona kikundi cha kijijini kinaweza kufanya nini bila kungoja mfadhili. Na njiani kuna swali moja ambalo tungependa mlibebe: siku taka ikigeuka kuwa mali, atakayefaidika ni nani?

KWA NINI JOTO HUPOTEA

Tuanze na jiko la mawe matatu. Ukichoma kuni kumi, joto linaloingia ndani ya sufuria ni kama la kuni moja, au moja na nusu hivi. Zile nyingine zote zimepasha hewa, mawe, na macho ya mama anayepika. Ndiyo sababu kwa miaka mingi tumekuwa tukiwahimiza mtumie majiko yaliyoboreshwa.

Lakini msifikiri ni sisi watu wa kijijini peke yetu tunaopoteza. Mtambo mkubwa wa kutengeneza stima kwa makaa ya mawe unafanya vilevile. Chukueni magunia 100 ya makaa ya mawe yakatiwe moto kwa mtambo kama huo. Magunia kama 40 hivi ndiyo yanayogeuka kuwa stima. Magunia 60 yaliyobaki yanakuwa joto linalotoka na moshi au kumwagwa mtoni na baharini pamoja na maji ya moto.

Inakuwa hivi. Moto huchemsha maji, maji hugeuka kuwa mvuke wenye nguvu, na mvuke husukuma gurudumu linalozungusha jenereta. Mvuke ukishalisukuma gurudumu unakuwa umechoka. Lazima upozwe ndio urudi kuwa maji, halafu maji yarudishwe kwa moto kuanza safari tena. Hapo kwa kupozwa ndipo joto jingi huachwa. Hata fundi awe hodari namna gani, hawezi kuligeuza lote kuwa stima. Ndivyo Mungu alivyoumba mambo.

Hata hivyo, joto lililochoka kwa kazi moja bado linaweza kazi nyingine. Haliwezi tena kuzungusha gurudumu, lakini linaweza kupasha nyumba wakati wa baridi, kukausha mahindi au kuchemsha maji ya kuoshea. Mama yeyote anajua jambo hili. Moto ukiwa mkali anasonga ugali. Ukipungua anaweka maharagwe yaive polepole. Makaa yakibaki anafukia viazi vitamu kwa jivu. Mwisho kabisa anaweka sufuria ya maji, watoto wapate ya kuoga. Moto ni mmoja, kazi ni nne.

Wataalamu wanapotaka viwanda vifanye kama huyo mama, wanaita hiyo ikolojia ya viwanda. Maana yake ni viwanda kuishi kama msitu. Msituni jani likianguka ni chakula cha mchwa, mchwa ni chakula cha ndege, na kinyesi cha ndege ni mbolea ya mti. Kile ambacho mmoja amekiacha, mwingine alikuwa anakitafuta.

MJI WA KALUNDBORG

Mfano unaotajwa sana duniani ni mji wa Kalundborg, nchini Denmark. Ni mji mdogo wa bandari wenye watu kama 16,000, ukubwa wa miji yetu mingi ya kaunti. Pale kulijengwa mtambo mkubwa wa stima uliotumia makaa ya mawe, kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda cha mbao za jasi zinazotumika kwa kuta na dari, na kiwanda kinachotengeneza dawa ya insulini kwa wagonjwa wa kisukari.

Jambo lilianza kwa shida ya maji. Maji ya visima hayakutosha, kwa hivyo mnamo 1961 kiwanda cha mafuta kilianza kuvuta maji kutoka ziwa Tissø kwa bomba. Mnamo 1972 kile kiwanda cha jasi kikaanza kupokea gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kinaichoma tu hewani. Gesi hiyo iliyokuwa ikiwaka bure juu ya bomba, sasa ikakausha mbao za jasi.

Halafu mwaka wa 1973 bei ya mafuta ikapanda kwa ghafula duniani kote. Denmark ni nchi ya baridi kali, na nyumba nyingi zilipashwa moto kwa mafuta yaliyotoka nje. Watu wakaumia. Mnamo 1979 serikali yao ikapitisha sheria ya kupanga jinsi nyumba zitakavyopata joto, na mnamo 1981 mtambo wa stima wa Kalundborg ukaanza kupeleka joto lake lililochoka mjini kwa mabomba yaliyofunikwa ardhini. Maji ya moto yanazunguka nyumba hadi nyumba, yanaacha joto, yanarudi yamepoa. Nyumba kama 3,500 ziliacha kutumia majiko ya mafuta. Mwaka uliofuata, 1982, mvuke ukaanza kwenda kwa kiwanda cha dawa na kwa kiwanda cha mafuta pia.

Mengine yakafuata. Tangu 1976 matope yanayobaki kiwanda cha dawa yalikuwa yakipelekwa kwa wakulima kuwa mbolea. Hamira iliyokwisha kazi ya kutengeneza insulini ikawa chakula cha nguruwe. Majivu ya makaa ya mawe yakaenda kutengeneza simiti. Maji ya bahari yaliyopata joto pale mtamboni yakafugiwa samaki. Na mnamo 1993 mtambo uliweka chombo cha kuondoa salfa kwa moshi kwa kutumia chokaa. Salfa na chokaa vikikutana hutengeneza jasi. Basi kiwanda cha mbao za jasi, ambacho kilikuwa kinaagiza jasi kutoka Hispania kwa meli, kikaanza kuipata hapo hapo kwa jirani.

Sasa mtu atauliza: ni nani aliyepanga haya yote? Jibu ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeyapanga. Hapakuwa na kamati kubwa iliyokaa ikachora ramani. Kila bomba lilitokana na mapatano ya watu wawili, mmoja ana kitu kinachomsumbua, mwingine anakihitaji. Kila mapatano yalipigiwa hesabu peke yake. Yasipolipa, hayafanywi. Na kwa sababu mji ni mdogo, mameneja walikuwa wanajuana na kukutana. Kama hawangejuana, huyu angeendelea kumwaga na yule angeendelea kuagiza kutoka mbali.

MAMBO MATATU YA KUJIFUNZA

La kwanza ni ukaribu. Stima inaweza kusafiri kwa waya kutoka Turkana mpaka Nairobi. Joto haliwezi. Maji ya moto hupoa njiani, na bomba la kuyabeba ni ghali kwa kila mita. Kwa hiyo joto linalopotea lina faida kwa jirani tu. Ukitaka kulitumia, lazima mwenye joto na mwenye haja wakae karibu, au mmoja ahamie kwa mwingine.

La pili ni wakati. Joto haliwekwi stoo kama gunia la mahindi. Kama mashine inafanya kazi mchana na wewe unahitaji joto usiku, hamtasaidiana sana. Kabla ya kununua bomba hata moja, uliza: anatoa saa ngapi, nami nahitaji saa ngapi?

La tatu ni kutegemeana, na hapa lazima tuseme ukweli wote. Ukila kwa mkono wa jirani, jirani akianguka nawe utalala njaa. Huko Kalundborg mtambo wa stima uliacha makaa ya mawe, na kufikia 2020 palikuwa na mtambo mpya unaochoma vipande vya miti. Hilo ni jambo jema kwa hewa. Lakini makaa ya mawe yalipokwisha, jasi ile iliyotokana na moshi wake nayo ikaisha. Aliyekuwa anaitegemea ilimbidi atafute kwingine. Hii haina maana kwamba walikosea kushirikiana. Ina maana kwamba mapatano mazuri yanasema pia kitakachofanyika siku yakivunjika.

HAPA KWETU: MIWA

Tukirudi nyumbani, mfano mkubwa wa joto la taka tunaujua sisi watu wa mashamba ya miwa. Mkipeleka tani moja ya miwa kiwandani, baada ya kukamuliwa hubaki karibu kilo 300 za makapi, nusu yake ikiwa ni maji. Makapi hayo ni kuni. Tangu zamani viwanda vya sukari vinayachoma kuchemsha maji, na mvuke unaendesha mashine za kukamua na kupika sukari. Hata wale wenzetu wa sukari guru huko Magharibi wanakausha makapi juani na kupikia maji ya miwa. Muwa unajipika wenyewe.

Lakini viwanda vingi vya zamani vilijengwa makusudi vichome makapi ovyo. Sababu ni kwamba yangebaki milima na milima, na hakukuwa na pa kuyatupa. Hakuna aliyenunua stima yao, basi kwa nini waokoe? Ukiweka tanuri za kisasa zenye mvuke wa nguvu zaidi, makapi yaleyale yanatosha kupika sukari na kutoa stima ya kuuza.

Kiwanda cha Mumias kilifanya hivyo. Mnamo 2009 kilianza kuuzia gridi ya taifa stima ya makapi, kama megawati 26. Ilikuwa habari njema kwa nchi nzima. Lakini mtambo huo haukuwa na mafuta mengine ila miwa. Kiwanda kilipoingia madeni na wakulima wakakosa malipo, wengi waling'oa miwa wakapanda mahindi. Miwa ikapungua, makapi yakapungua, stima nayo ikapungua hadi ikakoma. Mnamo 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya meneja wa kusimamia madeni.

Tunasema haya kwa sababu ya fundisho lililo ndani yake. Bomba refu la stima lilianza kwa jembe la mkulima. Mkulima asipolipwa, hata mtambo wa mabilioni unazima. Mfumo wa kutumia taka una nguvu sawa na yule aliye dhaifu kuliko wote ndani yake.

Kule kisiwani Mauritius, nchi ya miwa kama sisi, makapi yametoa stima kwa gridi yao kwa miaka mingi. Wakati ambao si wa mavuno mitambo hiyo huchoma makaa ya mawe ndio stima isikatike. Jambo la kuangalia ni hili: tangu miaka ya 1980 wenzetu hao wana mfuko unaowalipa wakulima kitu fulani kwa sababu ya makapi yao. Hawakuridhika mkulima alipwe sukari pekee. Walisema makapi pia yalitoka kwa shamba lake. Malipo hayo yamebishaniwa na kurekebishwa mara kadhaa, lakini haki yenyewe iliandikwa.

HAPA KWETU: MVUKE WA ARDHINI

Mfano wa pili uko Olkaria karibu na Naivasha. Huko mvuke unachimbwa chini ya ardhi kutengeneza stima. Kuna visima ambavyo mvuke wake hauna nguvu ya kutosha kuzungusha gurudumu. Kwa mtu wa stima, kisima cha namna hiyo ni hasara. Lakini shamba la maua la Oserian, lililo jirani, lilikodi kisima kimoja kutoka kampuni ya KenGen, na tangu 2003 likatumia joto lake kupasha nyumba za kioo na plastiki zinazokuzwa waridi.

Mtu atashangaa, Naivasha kuna joto, maua yanapashiwa nini? Ni usiku. Usiku kule kuna baridi na unyevu, na unyevu huleta ukungu unaooza maua. Hewa ikipashwa kidogo inakauka, ukungu unapungua, na dawa ya kunyunyiza inapungua pia. Hata ile gesi inayotoka na mvuke huingizwa ndani ya nyumba za maua, maana mimea huila ikakua vizuri. Tazameni: vitu viwili ambavyo mwenye stima angeviachia hewa, mwenye maua anavilipia kodi.

Na kabla ya maua hayo, watu wa Eburru, mlima ulio karibu na hapo, walikuwa wameshatumia akili hiyo. Mahali ambapo mvuke hutoka wenyewe ardhini waliupitisha kwa mabomba ukapoa, wakapata maji ya kunywa katika nchi kavu. Pia walikausha pareto kwa joto lake. Hiyo inatuonyesha kwamba jambo hili halikuletwa na kampuni kubwa. Mwananchi akipewa nafasi anaona.

TAKA IKIPATA BEI

Sasa turudi kwa lile swali letu. Wakati makapi ya mpunga, unga wa mbao au maganda ya kahawa ni takataka, mtu yeyote huyachukua. Mama mjane anakuja na gunia lake, anajaza, anaenda kupikia au kutandikia kuku. Hakuna anayemuuliza. Siku mwenye mashini akigundua kwamba yanauzika, analeta mlinzi langoni. Kile kilichokuwa baraka ya maskini sasa kiko kwa mizani.

Hatusemi taka isiuzwe. Kupata bei ndiko kunakofanya itunzwe isiziharibu mito yetu. Tunasema tu kwamba ni vizuri kufikiria mapema ni nani aliyekuwa akiitumia kabla ya sisi kuifikia. Injili ya Yohana inasimulia kwamba watu 5,000 waliposhiba, Bwana Yesu aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe visipotee, na vikajaa vikapu 12. Na Sheria ya Musa iliwakataza wenye mashamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, kwa sababu masazo yalikuwa fungu la maskini na la mgeni. Tukiyaweka hayo mawili pamoja tunapata kanuni nzuri ya kikundi: kusanya kisipotee chochote, lakini katika ulichokusanya kumbuka yule aliyekuwa akiishi kwa masazo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hatua ya kwanza: tembeeni na daftari. Chagueni watu wanne, wawili akina mama, wazunguke kijiji na soko kwa siku mbili. Waandike kwa upande mmoja ni nani anatupa nini: mashine ya kusaga, bucha, shule ya bweni, wachuuzi wa sokoni, mwenye mbao, boma lenye ng'ombe wa kufungiwa. Upande wa pili waandike ni nani ananunua nini: hoteli inanunua kuni, shule inanunua kuni, mfugaji ananunua chakula cha nguruwe, shamba la mboga linanunua mbolea. Kisha kikundi kiketi na kuchora mistari. Mara nyingi mtakuta mwenye kutupa na mwenye kununua wametenganishwa na ua tu.

Hatua ya pili: pimeni kabla ya kukopa. Tuchukue mfano wa gesi ya samadi. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa gesi kama lita 40. Ng'ombe wawili au watatu wa kufungiwa wanaweza kukupatia kilo 40 kwa siku. Kilo 40 mara lita 40 ni lita 1,600 za gesi. Jiko dogo la gesi likiwaka kwa nguvu hula kama lita 400 kwa saa. Hiyo ni saa nne za kupika, inatosha jamii moja. Lakini kumbukeni samadi huchanganywa na maji kiasi kilekile. Kama mnateka maji kilomita tatu, hesabu hiyo iwekeni pia, na msisahau mgongo wa anayeyabeba. Matope yanayotoka baada ya gesi ni mbolea nzuri kwa nepia na migomba.

Kwa mashine ya dizeli hesabu iko hivi. Katika kila lita tatu za dizeli, kazi ya kusaga inachukua kama lita moja. Lita moja hutoka kama joto kwa maji ya kupozea, na lita moja huenda na moshi. Moshi ni sumu, msiuguse. Lakini yale maji ya kupozea, kwa injini zile zenye tangi la maji, yanaweza kupitishwa ndani ya bomba lililozungushwa kwa pipa la maji safi, na pipa hilo likapata moto wa kuoshea mitungi na vyombo. Maji ya injini yenyewe yasiguse chakula wala maziwa, kwa sababu yana kutu na pengine mafuta. Mwiteni fundi, na mwenye mashine akubali kwanza.

Na kwa wale wasio na ng'ombe wala mashine, wacha tuwakumbushe kikapu cha kupikia bila moto. Chukua kikapu kikubwa, kitandike ndani blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba, tia mto juu. Chemsha githeri au maharagwe yaliyolowekwa usiku, yatokote vizuri nusu saa, kisha funika sufuria na uiweke ndani ya kikapu ufunge kabisa. Joto lililomo ndani ya sufuria linamaliza kupika lenyewe huku wewe uko shambani. Ukirudi chemsha tena kabla ya kupakua. Hiki ni kiwanda cha joto la taka kisichohitaji mkopo.

Hatua ya tatu: andikeni mapatano. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukichukua taka ya mtu kwa mdomo tu, siku atakapoona mmefaidika ataidai kwa bei asiyowahi kuitaja. Karatasi iwe fupi, lakini iwe na majibu ya maswali haya:

1. Nani anatoa nini, kiasi gani, na siku zipi?
2. Bei ni ngapi, au ni bure, na itaangaliwa tena baada ya muda gani?
3. Bomba, mkokoteni au pipa likiharibika, nani atalitengeneza?
4. Mmoja akitaka kuacha, atamwarifu mwenzake miezi mingapi mbele?
5. Kabla ya mapatano haya, ni nani aliyekuwa akiichukua taka hii, na tumemwachia fungu gani?

Watie sahihi pande mbili na mashahidi, mzee wa kijiji akiwemo. Nakala moja ibaki kwa katibu.

Hatua ya nne: msiweke mayai yote chini ya kuku mmoja. Kama shule itategemea gesi ya samadi, iwe bado na kuni za akiba za wiki mbili. Kama kikundi kinauza maganda kwa mnunuzi mmoja, kitafute wa pili. Mliona yaliyotokea miwa ilipokwisha.

MAONYO MACHACHE

Usichome plastiki wala matairi kwa ajili ya joto. Moshi wake ni sumu, na sumu hiyo inarudi kwa maziwa na mboga zako. Usifunge jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ukifikiri unaokoa joto. Watu wamekufa usingizini kwa hewa yake. Kinyesi cha binadamu kinaweza kutoa gesi pia, na huko Kibera kuna vyoo vya jamii vilivyojengwa na shirika la Umande Trust ambavyo hutoa gesi ya kupikia, lakini matope ya choo yasimwagwe kwa mboga zinazoliwa mbichi. Na mtu yeyote akija na mtambo wa kuuza akiahidi stima ya bure, mwulizeni maswali matatu tu: taka itatoka kwa nani, itakuja kila siku, na nani atatengeneza ukiharibika? Asipojibu, mpeni chai na mumsindikize.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni joto gani au taka gani inayopotea kila siku ambayo jirani angeweza kuitumia?
2. Ni nani ananunua kuni au mbolea kutoka mbali wakati iko karibu? Kwa nini hawajazungumza?
3. Kama taka hiyo ingepata bei kesho, nani angepata na nani angekosa?
4. Tunategemea mtu mmoja au kiwanda kimoja kwa jambo gani? Kikifunga, tutafanya nini wiki ya kwanza?

Kikundi kitakachozunguka na daftari, tunaomba katibu wake atuletee nakala ya ile orodha kupitia ofisi ya parokia. Orodha hizo tutazichapa katika matoleo yajayo, maana huenda anayetafuta kile mnachotupa ninyi yuko parokia ya pili tu kutoka kwenu.